Hema Ambalo Hakuna Aliyeliomba

Pasta Musoni hushona maturubai katika soko la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, siku sita kwa juma, na siku ya saba huhubiri chini ya mojawapo. Miwani yake aliipata hospitali ya macho ya Ruharo, kule mjini Mbarara, na tangu hapo, husema mwenyewe, ameanza kuona dhambi ndogondogo zilizokuwa zikimponyoka.

Kila Alhamisi wazee wa kanisa hukutana kibandani kwake kujifunza uongozi kutoka maisha ya mtume Paulo. Hakuna anayekaa bure. Mmoja hushika pindo, mwingine huvuta uzi, huku Musoni akikanyaga cherehani na kuuliza kwa nini Paulo alishona mahema Korintho ilhali angeweza kulishwa na waumini.

"Alikuwa na njaa," mzee Ushindi alijibu siku moja.

"Alikuwa na akili. Mwenye anakulisha, utamukemea namna gani na mudomo imejaa?"

Shida ya somo zuri ni kwamba siku moja huja kumtafuta mwalimu. La Musoni lilikuja na pembe.

Kalisa, mfanyabiashara wa ng'ombe anayelisha kundi lake upande wa Masha, alitaka kuchaguliwa mzee mkuu wa kanisa. Kabla ya kura, pasta husimama na kusema wazi anavyomwona kila mgombea. Siku tisa kabla ya siku hiyo, Kalisa alimletea Musoni mtamba mwekundu, akamtakia heri, akaenda zake. Habari ya kura hakuigusa. Hakuhitaji. Watu wa milima ya Kivu Kusini, walikotoka wote wawili, wanajua kwamba aliyekupa ng'ombe humsemi vibaya mbele za watu, na kwamba ukimkataa ng'ombe umemtukana mtoaji, baba yake na babu yake. Ukoo wa Kalisa ulijaza mabenchi manne kanisani. Ungeondoka na mabenchi yenyewe, kwa kuwa ndio ulioyachonga.

Musoni akashukuru kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

"Baba Teta," mkewe Miriamu akamwambia walipobaki wawili, "siku yenye utasimama mbele ya bantu, utasema nini?"

"Nitasema kweli."

"Na hii ngombe yenye inakula migomba yangu, itasema nini?"

Kesho yake Musoni alipanda gari la Mbarara, akanunua uzi mnene kuliko wote na pete za chuma.

"Sebo, hema ni ya harusi?" muuza duka akamuuliza.

"Ni ya ndama."

"Basi ng'ombe yako nalala mzuri kupita mimi."

Turubai zito alikuwa nalo moja tu, lile lililowekwa kwa ajili ya paa jipya la kanisa. Akalikata. Alhamisi wazee wakashika pindo bila kujua wanashika nini. Ijumaa akawachukua wawe mashahidi, wakaenda hadi zizi la Kalisa na kulitandaza hema juu ya ndama wake.

"Pasta," Kalisa akasema, "miye sikukuombaka hema."

"Na miye sikukuombaka ngombe." Musoni akakaza kamba. "Umenipatia mushahara, nimekupatia kazi. Tumemalizana."

Ushindi alikohoa sana ili asicheke.

Jumapili Musoni akasimama. "Kalisa nimemuona anatembea pole pole sababu ya ndama moja yenye inachechemea. Lakini bantu bakichelewa, anabatukana. Siku atangojea muntu sawa anangojea ndama, mumuchague. Leo, hapana."

Ndipo mvua ikaanza. Paa kuukuu likawamwagia maji waimbaji, wazee na debe la kura. Kalisa alishindwa kwa karatasi zilizolowa. Ukoo wake haukuondoka, maana nani abebe mabenchi katika mvua ile? Nakivale nzima, waliokauka walikuwa ndama wa Kalisa peke yao.

"Paulo alishonaka hema," Miriamu alimwambia mumewe nyumbani, akikamua kitambaa chake. "Hakukataka paa ya kanisa. Umenunua mudomo yako na paa yetu."

 Jumatatu Musoni hakushona hata pindo moja.

Jumanne watu wakaona turubai likipita sokoni, likinuka ndama, juu ya mabega ya Kalisa. Lilikuja taratibu mno. Kando yake alitembea bibi Gisèle, aliyeumia nyonga zamani, akimsimulia habari ndefu ya mbuzi wake, na Kalisa, mwenye mzigo ule, alisimama kila aliposimama bibi.

Walipomkuta Musoni kanisani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndama zangu zimezoea mvua," Kalisa akasema.

Pasta akalitazama turubai kwa wasiwasi, kama mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. "Hii ni zawadi?"

"Hapana, Pasta. Ni kazi." Kalisa alikuwa ameshaanza kupanda ngazi ya kwenda paani. "Shika kamba."