Nyasi Zilizotuhamisha

Wala si dhahabu, usijisumbue kuniuliza. Kila anayeniona huku Geita anadhani baba yangu alikuja kuchimba. Baba yangu shimo alilochimba ni la choo, na hilo nalo kwa kununa! Sisi tulihama kwa sababu ya nyasi. Cheka tu. Ukimaliza nitaendelea.

Kwetu ni upande wa Mhunze, mbugani, pakavu. Kiangazi ng'ombe wenye nguvu wanapelekwa kuchungwa mbali. Nyumbani wanabaki ndama, wazee na wanaonyonyesha. Hao tunawawekea ngitili, kipande cha nyasi ambacho masika yote hakikanyagwi. Hakuna ua, hakuna miiba. Watu wanajua tu. Ukiingiza mnyama wako, wazee wanakukalia kikao mpaka utamani ardhi ipasuke. Na mwanamume alikuwa anasifiwa kwa ngitili yake. Ya baba ilimficha mtu. Mwaka mmoja mvua zilikuwa nzuri, basi hata kiangazi hakuigusa, aringe nayo.

Maringo hayo ndiyo yaliyotuponza.

Enzi za Mwingereza hizo. Akaja mzungu wa kilimo na kundi la watu nyuma yake, wametolewa kwenye vijiji vilivyojaa, wanatafutiwa pa kulima pamba. Wasukuma wenzetu, hawakushuka mbinguni! Mzungu akasimama katikati ya ngitili, anaongelea puani: "Hii majani nani nalima? Hapana mutu? Ng'ombe nakula? Hapana! Basi hii ya bure."

Baba akasema, "Bwana, hailiwi kwa sababu imetunzwa."

Mkalimani wake, mtu wa pwani, sauti imepakwa mafuta: "Mzee anakiri, bwana, kwamba haitumii."

Shenzi! Na mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, aliyekuwa anakunywa maziwa kwetu kila akipita, akakohoa na kutazama vidole vya miguu yake.

Wakalima. Pale petu alipewa jamaa mmoja mrefu na mkewe. Baba akawa na wimbo wake mmoja: "Nitafika kwa mtemi, tutarudishiwa. Mimi sihami." Mama anamjibu, "Wewe subiri. Ng'ombe wangu hajui kusubiri." Alikuwa naye mmoja mwekundu, ndiye aliyewalea wadogo zangu kwa maziwa.

Mwaka uliofuata mvua ikatunyima. Ngitili hatuna. Mama akanichukua, tukaenda kwa mke wa yule mrefu kumwombea ng'ombe mabua ya mtama. Yule mama akatoka, mkono kiunoni: "Aa, mayu, mabua ndiyo kuni zetu. Kwani miti ya hapa mliipeleka wapi?"

Amekalia nyasi zetu, halafu anatudai miti! Mama akamwambia, "Haya, asante, mayu." Mimi nilitamani kumng'ata. Hata sasa hivi ninavyokusimulia, meno yananiwasha.

Asubuhi moja ng'ombe akashindwa kusimama. Kwetu ng'ombe akilazwa na njaa unapiga mwano, yowe la kuita watu, na anayelisikia anakuja hata kama mmegombana. Huyu anashika mkia, wale wanapitisha mti chini ya tumbo, mnamwinua. Akisimama akapata cha kutafuna, anaweza kupona.

Watu wakaja. Yule mrefu naye akaja, akasimama pembeni, kafunga mikono kifuani. Baba yuko kwenye mkia, jasho linamtoka. Mama kapiga magoti kichwani, anabembeleza: "Amka, mama yangu. Amka, watoto wanakutazama." Tukavuta. Miguu ya nyuma ikanyooka, inatetemeka. Wanawake wakaanza vigelegele.

Hapo ndipo yule mrefu alipofungua mdomo. Baba akauachia mkia, ng'ombe akarudi chini, na mwezi haujaisha tulikuwa njiani kuja huku kwenye mapori ya mbung'o. Hakutukana, hakupaza sauti. Alisema hivi, kama mtu anayeuliza njia:

"Mkishamsimamisha, atakula wapi?"