Siku Tatu za Kufunga

Majibu yangu yalitoka mazuri siku ya Jumatano, na Jumapili yake nikasimama kanisani nikadanganya.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa letu hapa Pasiansi, na nimetembelea wagonjwa kwa miaka mingi. "Usiogope, amini tu," ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia, nimekalia kiti chao, nimeshika kikombe cha chai yao, kisha naondoka na afya yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangenifukuza wasingekuwa na kosa.

Uvimbe niliugundua mwenyewe nikioga, titi la kushoto, mgumu kama harage. Daktari akakata kinyama kidogo cha kupeleka maabara, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Kwenye benchi la kusubiri pale hospitalini alikaa jirani yangu ninayesali naye, mwanamke anayeanika dagaa pale ufukweni. Kilichomleta ni hicho hicho, na tukapangiwa kurudi siku moja.

Wiki mbili zile sikuomba. Sitaki kusingizia kwamba nililia kimoyomoyo. Nilipiga magoti mara moja, nikafika kwenye "Baba yetu", nikapandwa na hasira, nikainuka kwenda kufua mapazia. Nilifua kila kitu ndani ya nyumba, hata kisicho kichafu. Niliogopa kifo kama mtu ambaye hajawahi kusikia habari za ufufuo. Niliogopa hasa ule udongo, namna unavyolia juu ya jeneza, mimi niliyewazika wengi nikiimba sauti ya pili. Jirani yangu yeye aliomba. Asubuhi nilimsikia akimwimbia Mungu huku akigeuza dagaa, nami nikafunga dirisha.

Jumatano ile uvimbe wangu ukaonekana ni wa kawaida, wa kukatwa na kusahaulika. Wa kwake ulikuwa saratani. Alinikumbatia palepale nje ya mlango wa daktari, akasema, "Mwalimu, Bwana amekutendea." Nilishindwa kumtazama usoni.

Kwetu mtu akinusurika hakai kimya, lazima ashuhudie. Unasimama mbele na watoto wako, kwaya inakusindikiza, na watu wanasubiri kusikia ulivyopambana. Ushuhuda usio na kufunga wala mkesha ni ugali bila mboga. Nilikuwa nimepanga kusema nashukuru, basi, nikakae. Lakini nyuso zile zilinitazama kwa njaa, na kipaza sauti kilikuwa mkononi. Nikajisikia nikisema, "Nilifunga siku tatu kavu, bila hata tone la maji, na siku ya tatu Bwana akanijibu!" Kanisa zima likasimama. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa jirani yangu.

Alhamisi mchana akaja kwangu. Alitembea akishika ukuta, midomo imempasuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona uko hivi?"

"Leo ni siku ya tatu," akasema, akijishusha kwenye kiti. "Sijagusa hata maji. Ila sisikii kitu, mwalimu. Nimekuja uniambie, wewe siku ya tatu ulisemaje? Labda kuna maneno nayaruka."

Alikuwa amekuja na daftari. Akalifungua ukurasa mpya, akashika kalamu, akaningoja.

Ningeweza kumpa zaburi. Ninazijua nyingi kwa moyo, naye angeandika, akashukuru, akaenda kufunga siku nyingine tatu na ugonjwa ule mwilini. Nilichagua hata zaburi yenyewe, naona aibu kusema. Kisha nikaitazama ile midomo.

"Mdogo wangu, sikufunga," nikamwambia. "Wala sikuomba. Nilikuwa nafua mapazia."

Akanitazama kana kwamba nimesema kwa lugha nyingine.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Pale kanisani nilidanganya."

Nilingoja anitukane. Nilitamani sana anitukane, ningepata nafuu. Kalamu bado iko juu ya karatasi, macho yakamjaa machozi taratibu.

"Kwa hiyo si kwamba mimi nimekosea mahali," akasema.

"Hujakosea popote."

Akalia kwa muda mrefu. Sikumwambia usiogope, wala sikumwambia aamini. Alipomaliza akajipangusa kwa ncha ya kitenge, akaomba maji. Nikampa kidogo kidogo, nikaenda jikoni kumkorogea uji. Alinifuata, akaegemea mlango, akaniuliza bila hasira yoyote, kama anavyoweza kuuliza bei ya mchele, "Sasa kwa nini wewe, si mimi?"

Nikamwambia sijui. Akapokea kikombe, akaupuliza uji, akaanza kunywa.