Kivinjari Kizee na Ombi la Nekesa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Ilikuwa Jumanne ya manyunyu pale Kimbo, Ruiru, nilipokuwa na duka langu la saiba, la huduma za mtandao, lenye kompyuta nne. Wakati huo kichwa changu hakikuwa na mvi hata moja, na nilijiona mjuzi. Kumbe debe tupu haliachi kuvuma.

Kompyuta zangu zote zilitumia kivinjari cha zamani, ile programu ya kufungulia mtandao niliyofunzwa nayo chuoni Thika. Nilikipenda kwa sababu nilijua kila kitufe kilipo. Kila asubuhi kiliniletea ukanda wa manjano juu ya kioo: kimepitwa na wakati, weka kipya. Kila asubuhi niliufunga, kama mtu anayefukuza nzi.

Fundi wangu, mzee Muchiri, alikuwa wa rika la baba yangu. Ungedhani mzee ndiye angeng'ang'ania ya kale, lakini sivyo. "Mami," aliniambia zaidi ya mara moja, "hii kitu imechoka. Kurasa za siku hizi haizisomi vizuri. Wacha nikuwekee mpya, si kazi kubwa."

"Wacha tu hivyo, mzee. Ukiigusa utaniharibia."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga skrubu zake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila mwanangu, hawakutuambia kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mtu mwingine.

Jumanne hiyo aliingia msichana anayeitwa Nekesa, kutoka Kiuu. Watu wao walitoka upande wa Bungoma, na baba yake alifanya kazi kiwandani Thika. Mama yake alikuwa ameugua miaka mitatu kabla ya kufariki, na Nekesa ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Sasa alitaka kusomea uuguzi. Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa Ijumaa, tena kwa mtandao tu.

Tulijaza fomu pamoja. Alikuwa na vyeti vyake ndani ya bahasha aliyoifunga kwa mfuko wa plastiki visinyeshewe. Nilipobonyeza kutuma, ukurasa ukawa mweupe pe.

"Auntie, imeenda?"

Mwanangu, wiki moja tu kabla ya hapo mteja mwingine aliona weupe ule ule, na ombi lake halikufika. Nilijua. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni, nami niliona haya kusema sijui kama lake limefika.

"Imeenda," nikamwambia.

"Na si huwa wanatuma meseji kwa simu?"

"Itakuja. Network iko chini leo."

Akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka.

Wiki kadhaa baadaye baba yake alikuja, Mzee Wekesa, bado amevaa koti la kazi. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Madam, natoka chuoni. Jina la mtoto wangu haliko."

"Labda ni mtandao wao, mzee."

"Hapana. Walinifungulia nikaona kwa macho yangu. Hawakupokea kitu." Akaelekeza kidole kwenye kompyuta. "Ulikuwa unajua hiyo mashine yako ina shida?"

Ningeweza kudanganya tena. Sijui ni nini kilichonizuia.

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata nafuu. "Basi ungemwambia hapana," alisema polepole. "Hapana ni neno dogo. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Ningeomba ruhusa kazini, nimpeleke kwingine." Kisha akasema asante, ndiyo, asante, akaenda zake.

Nikampigia Muchiri simu. Kuweka kivinjari kipya kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Akaufungua ukurasa wa chuo, na kumbe ulikuwa na maelezo mekundu ambayo kile cha zamani hakikuwahi kunionyesha, pamoja na mahali pa kuhakikisha kwamba ombi limepokelewa. Nikalia pale pale mbele ya wateja. Mzee hakuniambia "si nilikwambia?" Alisema tu, "Pole, mami," akakusanya vifaa vyake.

Mwaka uliofuata kiwanda kilipunguza watu, na Mzee Wekesa akawa miongoni mwao. Nekesa akachukua kazi ya nyumba kule Membley, kulea watoto wa wenyewe. Nilikutana naye mara moja sokoni Ruiru, kambeba mmoja mgongoni. Nikamwuliza kama alijaribu tena, nikamwambia nitamsaidia mwenyewe.

"Hiyo ilipita, auntie," alisema. Hakuwa na hasira. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaingia kwenye umati. Sijamwona tena hadi leo.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, nami sikusimulii haya ili unihurumie. Nakusihi tu: chombo kikichakaa, kibadilishe kingali kinakudai usumbufu mdogo. Usikipende kwa sababu umekizoea, maana mazoea hayamwonei huruma yule anayekutegemea. Anayekuonya akiwa mtulivu, msikilize kabla hajaja mwenye machozi. Na siku mtu atakapoweka maisha yake mkononi mwako akakuuliza kama mambo yameenda, nawe hujui, sema hujui. Utaona haya kwa dakika moja. Mimi naona haya mpaka sasa.

Mungu akupe masikio mepesi na ulimi wa kweli, mwanangu. Akujalie usiwe mlango uliofungwa mbele ya mtoto wa mtu, na kila utakayemhudumia aondoke kwako akiwa amefika alikokuwa akienda.