Tulifagia msitu

Leo nimefika juu kabisa ya kilima cha hifadhi, na sikuona kitu.

Tangu tulipotangaziwa matembezi haya ya shule nilitaka jambo moja tu: kuiona nyumba yetu kutoka kule juu. Baba, ambaye anafanya kazi kiwandani, alisema moshi wa kiwanda unaficha kambi yote ya wafanyakazi tunamokaa. Mimi nikasema itaonekana.

Tuliposhuka kwenye lori, mlinzi wa msitu alitupokea na mafagio.

“Banamasomo, leo ni salongo. Komisere iko anakuya.”

Salongo, yaani kazi ya lazima, siku ya matembezi! Kufagia msitu, jamani.

Msichana mmoja wa darasa letu, Mujinga kwa jina, akamwuliza mlinzi, “Baba, haya majani haitaanguka tena?”

“Itaanguka, mama. Na weye utafagia tena.”

Tukafagia njia mpaka jua likapita utosini. Gari la komisere, huyo mkubwa wa serikali, likaja, kioo kikashuka, mkono ukatupungia, gari likaenda zake. Hakukanyaga hata jani moja.

Mwalimu wetu akaketi juu ya jiwe. Alikuwa amechoka kuliko sisi.

“Njia ni yenu sasa,” akasema. “Anayeweza apande.”

Nilipanda na wenzangu kadhaa. Nilifika. Nikaketi kidogo tu, nikingoja moshi upungue upande wa kambi.

Kilichoniamsha ni honi ya lori.

Baba ameniuliza nikiwa bado mlangoni: “Uliiona?”

Nimemwambia nitamjibu kesho.

Basi wenzangu, aliyebaki macho kule juu aniambie ukweli. Paa letu ni lile jipya, la pili kutoka bomba la maji. Lilionekana?