Karani wa Masjala na Jozi ya Viatu

Karani wa masjala ya polisi hafungui faili kabla hajafunika chai yake kwa kisahani, wala hainywi mpaka alifunge. Ndiyo maana mwezi mzima niliokaa mezani kwake, nikihesabu kesi za mauaji kwa ajili ya utafiti wetu, sikuwahi kumwona akinywa chai ya moto. Hulowesha kidole gumba, hugeuza karatasi, kisha hutazama na upande wake wa nyuma. Mimi nilikuwa nasoma upande mmoja tu, mbio mbio. "Mwanangu, haraka ya nini?" huniuliza kwa sauti yake ya mafua. "Hawa hawatukimbii." Jana nilifikia faili la muuza ndoo aliyechomwa kisu sokoni. Ukurasa wa kwanza askari alikuwa ameandika "amefariki", nami nikamwandika: mtu wa arobaini na moja. Karani akalivuta faili mikononi mwangu bila hata kuomba. Nyuma ya karatasi ya mwisho palikuwa na maandishi ya kukabidhi vielelezo: jozi moja ya viatu, imechukuliwa na mwenyewe, wiki tano baada ya tukio, na sahihi iliyopindapinda. Akayasoma mara mbili, miwani ikimteleza puani. "Mwenyewe!" akasema. "Mtu kaja kuchukua viatu vyake, nawe umeshamzika!" Nilicheka kwa aibu, kifua kikawa chepesi, nikafuta, nikarudi arobaini. Nilipoinua macho, kisahani kilikuwa pembeni, faili bado liko wazi, naye anapuliza mvuke wa chai yake.