Wateja Walikwenda Wapi

Nilifanya kazi benki kwa miaka kadhaa nikilinganisha sahihi za watu, kwa hivyo usinilaumu kwa kushuku. Nililipwa mshahara nishuku. Nilipoacha kazi ili nifungue duka la mashuka kwenye mtandao pamoja na wifi yangu, dada wa mume wangu, tabia hiyo nilihamia nayo Kilimani, katika chumba kimoja tulichokodi juu ya kinyozi.

Enzi hizo watu wengi bado walikwenda saiba, vile vibanda vya intaneti, kusoma barua pepe, na mume wangu aliniambia waziwazi kwamba hakuna Mkenya atakayenunua shuka asilolishika. Lakini miezi ya mwanzo tuliuza vizuri. Mimi nilipiga picha na kutunza tovuti. Wifi alishika simu ya duka, akapanga maagizo na kuyapeleka. Karibu kila aliyefungua ukurasa wetu alinunua. Nilimwambia mume wangu ajiandae kuniomba radhi.

Kisha mambo yakageuka. Chini ya ukurasa tulikuwa na kaunta ya kuhesabu wageni, na kila asubuhi niliikuta imepanda. Maagizo nayo yalizidi kushuka. Watu walikuja wengi kuliko zamani, wakatazama mashuka ya maua, wakatazama ya mistari, wakaenda zao. Nilishindwa kulala. Wageni wameongezeka, bidhaa ni zile zile, sasa kwa nini hawanunui? Nikaamua kwamba kuna mtu amesimama katikati.

Nilimshuku kwanza mfanyabiashara wa Biashara Street aliyetuuzia kwa jumla. Nilikwenda dukani kwake bila kumwarifu, nikanywa chai yake ya tangawizi huku macho yangu yakitembea kwenye rafu. Mashuka yetu hakuwa akiyauza rejareja. Akabaki wifi.

Na wifi alikuwa na lake jambo. Alitoka na simu hadi kwenye ngazi, akaongea chini chini, na nikitokea alisema, "Haya basi, tutaongea," akakata. Nikajua ana duka lake pembeni na wateja wangu ndio anaowahamisha. Nilimwomba rafiki yangu wa kanisani apige simu ajifanye mteja. Baadaye akaniambia, "Huyo dada anajua kuuza. Karibu ninunue kweli." Sikufurahi. Mtu anayejibu vizuri kiasi hicho huenda anajua kwamba anasikilizwa.

Siku ya Jumamosi nilikwenda Kabiria kumwona shangazi yangu aliyekuwa ametoka kupasuliwa goti. Alisikia baridi, akanituma chumbani nimtolee blanketi kwenye sanduku. Nilipolifungua nilikuta mashuka yetu, seti tatu, bado yamo ndani ya plastiki, na utepe wa kijani niliofunga kwa mikono yangu haujaguswa. Nilitoka nayo mikononi. Nilikuwa na hakika nimempata mwizi.

"Anti, haya umeuziwa na nani?"

"Si ni yenu? Wifi yako alinipigia," akasema. "Alisema umeacha kazi ya benki na biashara ni ngumu. Akatuomba tukusapoti. Hata maagizo ya kompyuta alitujazia yeye, mimi nilimpatia tu ID."

"Na mbona hujatandika?"

"Ah, mami, kitanda yangu ni ndogo. Hayo yatanitoka pembeni."

Wifi alikuwa katibu wa kamati ya harusi yangu. Namba za wote waliochanga anazo. Aliwapigia mmoja mmoja, kama tulivyowapigia kuhusu hema na keki, nao wakachanga tena, safari hii kwa kununua mashuka. Majina kwenye maagizo sikuyatambua kwa sababu hawa nawajua kama Mama fulani na Baba fulani. Majina yao ya kitambulisho sijawahi kuyasikia. Kamati ilipokwisha kununua, maagizo yakaisha. Waliobaki ni wale wa kwenye kaunta, watu wasionijua, ambao wangetuma pesa kwa simu kwa mtu wasiyemwona, katika mji ambao hata mimi singefanya hivyo. Hakuna mteja aliyeibwa. Nilikaa kwenye kochi la shangazi nikiwa na aibu hadi masikioni, na nilimkasirikia wifi pia.

Jumatatu nilimweleza nilikotoka na nilichoona. Hakukana. Alivuta kiti akaketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa ushaandika barua ya kuacha kazi," akasema. "Wiki ya kwanza hakuna mtu aliagiza, na wewe ulikuwa unashinda ukiangalia hiyo kompyuta. Ningekuambia nini? Nikasema wacha nianzishe na watu wetu, wengine watafuata. Juzi nilikuwa nawapigia mara ya pili. Siku hizi wengine hawashiki simu yangu."

Nilikuwa na swali moja tu, na nililiogopa. Benki ilikuwa bado inaweza kunirudisha kazini, lakini si kwa muda mrefu.

"Niambie ukweli. Kuna mtu yeyote tusiyemjua aliyewahi kununua?"

Niliona wifi anataka kunipa mtu, hata mmoja.

"Kulikuwa na mama mmoja wa huko Karen," akasema. "Lakini huyo alirudisha."