Chumvi Niliyowapa Punda Milia

Siku moja ya kiangazi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yenu asinisikie. Nilikuwa kijana wa Likasi, dereva wa kampuni ya migodi. Enzi zile za Zaire, wakubwa wetu walipopata wageni waliwapeleka kutalii katika hifadhi moja ya mbali, kwenye uwanda mkavu usio na mtu. Walilala kwenye mahema yenye vitanda na kunywa mvinyo wenye barafu. Mimi niliendesha gari na kuilinda barafu. Wanyama niliowajua vizuri ni mbuzi.

Wageni walitaka punda milia, nao punda milia wakisikia gari tu hutoka mbio. Mkubwa akaniambia kwamba safari ijayo punda milia wasipofika karibu, nitaacha usukani nikapakie mawe mgodini. Mwanangu, niliogopa sana. Basi nilipotumwa mapema kutayarisha kambi, nikachukua chumvi yote ya poso, ile tuliyogawiwa na kampuni. Mke wangu akala mboga ya sombe isiyo na ladha mwezi mzima, na hadi leo ananisema. Kila asubuhi niliimwaga ile chumvi karibu na meza ya wageni, na polepole punda milia wakaja, hata jike mmoja na mtoto wake.

Wageni walipofika, punda milia wakatujia wenyewe. Mkubwa alikuwa amevaa suti ya abakosti iliyofungwa hadi kooni, jasho linamtiririka. Yule jike akamkaribia, akamlamba shingo. Mkubwa akakakamaa kama anapigia bendera saluti. Wageni wakacheka hadi machozi, naye akafurahi, nami nikajiona nimeshapanda cheo.

Papa Kalenga, mlinzi mzee wa hifadhi, alikuwa amerudi kutoka doria mchana huo. Yeye hakucheka. Akanivuta nyuma ya gari.

"Mutoto, banyama banakimbia bantu, njo maana bangali bazima," akasema taratibu. "Muntu ya bunduki akikuya kesho, batamwendea sawa vile banakuendea weye."

Nikamwuliza nifanye nini. Akanipa sufuria na mwiko.

Nilijua naiaga kazi yangu. Nikatoka mbele ya wageni, nikaigonga ile sufuria na kupiga kelele kama kichaa. Kundi likatimka, vumbi likajaa kwenye mvinyo. Yule mtoto peke yake alisimama akinitazama, akidhani namwita kula. Nikamrushia udongo huku nalia, mpaka naye akakimbia.

Nikapakia mawe miaka miwili. Sijuti.

Mwanangu, ukipenda kiumbe, usikizoeze mkono wako ili watu wakusifu. Kiache na woga wake, maana ndio unaokilinda wewe ukiwa hupo. Na Mungu akupe mzee wa kukukemea ungali kijana, akupe na moyo wa kumsikiliza. Amina.